Kupanga uswahilini: maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu luku, choo, bakuli la jirani na wageni

Hapa naongelea zile nyumba zetu za Dar, Mbagala, Tandika, Manzese, Buguruni huko, koridoni katikati vyumba huku na huku, choo na bafu uani, mita ya umeme moja, na mwenye nyumba ama anakaa chumba cha mbele ama yupo Gongo la Mboto anaonekana siku ya kodi tu. Kama unakaa masta, chumba chenye choo chake ndani, na una luku yako, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, mengi hapa hayakuhusu, ila ya msiba na ya bakuli yanakuhusu hata huko.

Dalali kanionyesha chumba nimekipenda, niulize nini kabla sijatoa hela?

Rangi na tailizi utaziona mwenyewe, uliza vile visivyoonekana. Umeme mnagawanaje, maji yanatoka siku zipi na bili inalipwaje, choo kikijaa gari la kunyonya analipa nani, geti linafungwa saa ngapi, mgeni wa kulala ruksa au sio. Na usimuulize dalali, dalali yeye anachukua kodi yake ya mwezi mmoja anapotea, kwake yeye kila nyumba haina tatizo. Muulize mpangaji unayemkuta uani anafua, huyo atakwambia mpaka usiyouliza.

Afu rudi tena usiku peke yako, hata saa mbili mbili hivi, ndo utajua kama ukuta wa pili kuna baa. Kama ni mabondeni angalia ukutani chini kama kuna mstari wa maji ya mvua za masika, rangi mpya haifichagi ule mstari vizuri. Kodi wengi wanataka ya miezi mitatu au sita kwa mpigo, sawa, ila andikishaneni, hata kama ni karatasi ya daftari weka majina, kiasi, kuanzia lini mpaka lini, notisi ni ya muda gani, sahihi zote mbili na shahidi. Kulipa kwenye simu ni bora kuliko mkononi kwasababu meseji inabaki.

Nimehamia jana, natakiwa nijitambulishe au nitaonekana najipendekeza?

Jitambulishe. Pita mlango kwa mlango jioni, piga hodi, shikamoo kwa wanaostahili, sema jina lako na chumba chako, dakika mbili inatosha. Usipopita watakuita "yule wa chumba cha mwisho" mwaka mzima. Kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa nenda pia mapema, maana siku utahitaji barua ya utambulisho, ya benki, ya kazi, ya dhamana, halafu mwenyekiti akuangalie kama hajawahi kukuona, utaenda na kurudi mpaka uchoke.

Umeme tunachangia mita moja na kila mwezi ni ugomvi, tugawane vipi kwa haki?

Hili ndo swali mama, nyumba nyingi zinavunjika hapa. Kuna njia tatu watu wanatumia na mbili ni mbovu.

Ya kwanza zamu, leo chumba namba moja ananunua, ikiisha anafuata namba mbili. Inaonekana rahisi ila kila mtu zamu yake ikikaribia anapotea nyumbani, simu haipatikani, na mwingine ananunua ya elfu mbili anasema nshanunua. Ya pili ni kuchanga sawasawa. Hii nayo inamuumiza yule mwenye taa moja na chaja ya simu, anamlipia mwenye friji. Atavumilia miezi miwili, wa tatu ataanza kununa, na hatosema kwanini.

Ya tatu ni kugawana kwa vifaa, na hesabu yake sio ngumu. Tarifu ya kawaida yuniti moja inakaribia sh 357 ukishajumlisha VAT na vile vimakato vingine, ndo maana elfu kumi unapata kama yuniti 28 hivi. Ile tarifu ya bei chee ya wanaotumia chini ya yuniti 75 kwa mwezi sahauni, nyumba ya vyumba sita kwenye mita moja ni ngumu kubaki humo. Sasa friji dogo linakula kama yuniti moja kwa siku, thelathini kwa mwezi. Feni ikilala inazunguka usiku kucha ni karibu nusu yuniti, kwa mwezi kumi na nne kumi na tano. Tivii ndogo ya LED ya masaa sita kwa siku haifiki yuniti kumi. Taa na kuchaji simu ni tatu tu. Kwaiyo wekeni pointi, taa na simu 1, tivii 3, feni 5, friji 10.

Mfano vyumba vitatu. Chumba A ana taa tu, pointi 1. B ana taa, tivii na feni, 9. C ana vyote na friji, 19. Jumla 29, umeme wa mwezi 31,000, kila pointi inatoka kama 1,069. A analipa 1,069, B 9,621, C 20,310. Mngechanga sawa kila mtu angetoa 10,333. Ona sasa A alikuwa anapigwa kiasi gani. Mwenye friji atalalamika, mwacheni alalamike, na mkumbusheni kwamba barafu na juisi anauza.

Kama mwenye nyumba ni muelewa mwambieni aruhusu sabmita, yaani mita ndogo ya kila chumba, mnachangia gharama na fundi mnatafuta mwenye leseni sio yule kijana wa kuunga unga. Ndo dawa kamili. Ila sabmita inataka mtu wa kusoma namba kila mwisho wa mwezi na kuandika, na huyo mtu asiwe mwenye friji.

Nimenunua luku ya elfu tano nimepata yuniti kidogo kuliko juzi, nimeibiwa?

Hapana, mara nyingi ni kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye luku, manunuzi ya kwanza ya mwezi ndo yanaliwa, na kama kuna deni la miezi ya nyuma linakatwa nalo. Kisheria ni kodi ya mwenye jengo, sio yako, kwaiyo mnayo haki kabisa ya kuongea na mwenye nyumba aipunguze kwenye kodi yenu ya vyumba. Tunzeni zile meseji zinaonyesha makato yote. Usiende kwa hasira, nenda na jumla ya mwaka mzima, "baba hii hapa ni ya kwako tumelipa sisi", wengi wanakubali wakiona hesabu. Wasipokubali basi itoeni kwa wote, isimwangukie yule aliyenunua tarehe moja peke yake.

Jirani ana heater la ndoo anachemshia kwa siri, nimwambie mwenye nyumba?

Anza na yeye mwenyewe. Kupasha ndoo ya lita 20 ya kuogea inakula kama nusu yuniti, sawa na feni usiku mzima, kwaiyo ndoo moja asubuhi sio dhambi kubwa kama watu wanavyoifanya. Tatizo akiwa na watoto wanne na kila mtu na ndoo yake. Mwekeeni pointi zake yaishe. Cha kuogopa kwenye heater ni waya mbovu na mtu kuchovya mkono kupima joto bila kuchomoa, watu wamepigwa shoti hivo.

Choo zamu zipo ukutani lakini hazifuatwi, tufanyeje?

Karatasi ukutani haioshi choo. Kinachofanya kazi nilichoona ni kufungamanisha zamu na kitu, mfano mwenye zamu ya wiki ndo anakaa na ufunguo wa bafu au ndo anashika hela za sabuni na za matumizi ya chooni, kila chumba buku, elfu moja, kwa mwezi. Asiyetaka kuosha alipe mtu, kuna mama mtaani anafanya hiyo kazi kwa hela ndogo tu, hakuna aibu. Aibu ni kujifanya huoni.

Pampasi na taulo za kike haziingii shimoni, haziozi, zinajaza na gari likija kunyonya bomba linaziba mnalipa mara mbili. Wekeni ndoo yenye mfuniko. Hili aseme mama mmoja wa nyumba kwa wenzake kimyakimya, baba asije akaanza kulitangazia uani.

Asubuhi kuanzia saa kumi na moja mpaka moja bafu ni la wanaowahi kazini na shule, wewe wa kushinda nyumbani oga baadae. Na ukikuta mlango umerudishwa kohoa au gonga kwanza, usivute.

Mvua ikinyesha naweza kuingiza jiko la mkaa chumbani?

Hapana. Hata kama moto umekolea hauna moshi, ule mkaa mwekundu unatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, mkifunga dirisha mkalala hamuamki, familia nzima. Pika barazani, na jiko libaki huko nje. Mvua ikizidi nunua chapati kwa jirani mlale.

Gesi je? Gesi chumbani watu wanatumia kwasababu hakuna pa kuweka, sasa kama ni hivo mtungi usimame, usilale, ukae karibu na dirisha, na ukisikia harufu usiwashe wala kuzima taa, funga mtungi fungua milango. Kupima kama mpira unavuja ni povu la sabuni, sio kiberiti.

Jirani kaniletea pilau, bakuli nalirudisha lini na linarudi tupu?

Tupu halirudi. Yaani hakuna atakayekwambia ila itajulikana. Sio lazima urudishe pilau kwa pilau, ukipika maandazi weka mawili matatu, ukitoka shamba weka maembe, ukikosa kabisa weka vitumbua vya kununua. Siku tatu mpaka wiki ni sawa, zaidi ya hapo bakuli linaanza kuulizwa kwa kutumwa mtoto, "mama anaulizia bakuli lake", ukifika hapo ushachelewa. Lioshe vizuri, na mfuniko wake usipotee, hotpoti bila mfuniko ni kesi.

Usirudishe siku ileile na chakula kikubwa kuliko chake, hapo unaonekana unalipa deni ili msidaiane. Acha kakae kadeni kidogo, ndo ujirani wenyewe huo.

Napita uani nakuta watu wanakula wananiambia karibu, nikae?

"Karibu" ya mtu akiwa na tonge mkononi ni salamu, jibu "starehe" au "asante, nshakula" unapita unacheka. Ya pili, akisogea akakupa nafasi kwenye mkeka na mtoto akaitwa alete maji ya kunawa, hiyo ni ya kweli, kaa hata uonje tonge mbili. Ukikataa ya pili bila sababu utaambiwa unaringa, au mbaya zaidi watadhani unaogopa chakula chao, na hiyo kesi ni nzito mtaani.

Kuazima chumvi, vitunguu, kiberiti, mwisho wapi?

Chumvi haidaiwi. Kiberiti, ndimu, kitunguu kimoja, hivyo vinakuja na kurudi. Sukari, mafuta na unga vinapimwa kwa kikombe na vinarudi kwa kikombe kilekile, kikiwa kimejaa kama kilivyoondoka. Hela ni kitu kingine kabisa, kopesha ile ambayo isiporudi bado mtasalimiana. Vyombo vikubwa kama sufuria la shughuli na mikeka andika jina kwa rangi chini, maana siku ya shughuli yanachanganyika ya nyumba tano.

Pasi nayo watu wanaazima, hamna neno, ila aende akapige kwake umeme ukiwa kwenye pointi zake haha.

Ndugu yangu kaja kutoka mkoani anatafuta kazi, atakaa mpaka lini kabla majirani hawajaanza kusema?

Wazee walisema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, mjini jembe hakuna kwaiyo mpe zamu ya choo. Mwambie mwenye nyumba siku ya kwanza, sio wiki ya pili, mtambulishe kwa jina na umpeleke kwa mjumbe akizidi wiki. Maji wengi tunalipa kwa kichwa, basi mgeni akipita wiki mbili ni kichwa, ongeza mwenyewe kabla hujaambiwa. Ukifanya hivo hata akikaa miezi mitatu hakuna wa kunung'unika.

Ndani ya chumba kimoja na mke au mume hilo sasa ni la kwenu, ila pazia la kugawa chumba ni bei rahisi kuliko ugomvi, na muulize mwenzio kabla mgeni hajapanda basi, sio akishafika stendi ya Magufuli Mbezi na mabegi.

Jirani ana sabufa, ukuta unatetemeka, naanzaje?

Usiende ikiwa inapiga, utaongea kwa sauti na kila mtu atajua mnagombana. Nenda kesho yake asubuhi akiwa anapiga mswaki. Mwambie kitu maalum, "nna mtoto mchanga, saa nne usiku naomba ushushe ile besi", sio "wewe una kelele". Wengi hawajui besi inavyopita ukuta, yeye kwake anasikia mziki wewe kwako unasikia ngoma tupu. Muombe aiinue sabufa kutoka sakafuni aiweke juu ya godoro kuukuu au tairi na aitoe kwenye ukuta wako. Inapunguza. Akikataa mara mbili hapo mjumbe, kabla ya polisi.

Jumamosi ya shughuli mwachie. Kigodoro, ile ngoma ya usiku kucha, kikipita mtaani wewe tafuta pa kulala au kacheze.

Kuna msiba nyumba ya tatu, simjui marehemu, niende?

Nenda. Kujua marehemu sio sharti. Redio zote zinazimwa, hilo bila kuambiwa. Wanawake wanajitanda kanga wanaingia ndani au kwenye mkeka, wanaume wanakaa nje chini ya turubai kwenye viti, unasalimia, "poleni sana", unatoa rambirambi kwa mwenye daftari anaandika jina na kiasi. Buku mbili, tano, chochote, kinachoangaliwa ni jina lako lipo. Ukikosa hela kuna kuchota maji, kupanga viti, kumenya vitunguu, na hii inakumbukwa kuliko elfu kumi ya mtu aliyekaa dakika tano na funguo za gari mkononi.

Usimuulize mfiwa alikufa na nini. Ukitaka kujua utaambiwa na wengine, tena bila kuuliza.

Kadi za michango ya harusi zimefika nne mwezi huu, nakataaje?

Usikae kimya na usiahidi. Ahadi ndo inaua, jina lako linaandikwa kwenye bajeti, kamati inakupigia kila jumamosi na kule kwenye grupu la WhatsApp orodha inapandishwa na sifuri mbele ya jina lako. Sema mapema "hongereni sana, kwa sasa nipo vibaya, nna hii elfu kumi ya mchango, kadi msiniwekee". Kadi ya singo, ya mtu mmoja, mara nyingi inataka elfu hamsini na kuendelea, dabo ya watu wawili ndo usiseme, ukitoa chini ya hapo usitegemee kuingia ukumbini na usinune.

Mpangilio wangu mimi, aliyenichangia mimi au wa ndani kwetu wa kwanza, majirani wa nyumba moja wa pili, watu wa kazini ambao salamu yenyewe tunapeana kwa lifti, hao nawatakia heri tu.

Mimi sio Muislamu, Ramadhani naishije na wenzangu?

Kawaida tu ila kula ndani mchana na usikaange samaki koridoni saa tisa alasiri, harufu ni mateso. Daku watu wanaamka usiku wa manane, utasikia sufuria, vumilia na wewe Krismasi ulivumiliwa. Futari ikiletwa pokea. Na ukitaka kufurahisha nyumba nzima pika siku moja uji wa pilipili manga au viazi vya nazi upeleke kabla ya magharibi, sio baada. Watoto wakija Iddi na nguo mpya wanataka sikukuu, weka chenji za mia mbili mia tano tayari.

Naweza kumtuma mtoto wa jirani dukani? Na akikosea naweza kumchapa?

Kutuma ndio, ukishamuuliza mama yake mara ya kwanza, sio usiku, sio kuvuka barabara kubwa, na chenji ya mia umuachie. Kuchapa hapana. Mkanye, mpeleke kwa mamake, eleza bila kuongeza chumvi, uondoke. Usisimame kuangalia kama atachapwa.

Kamba ya kuanikia ni moja, ina utaratibu?

Aliyewahi ndo wa kwanza, ila zikikauka anua. Mvua ikianza mwenye kuwepo anaanua zote, hata za adui yake, anazikunja anaweka kwenye ndoo mlangoni kwa mwenyewe. Chupi na sidiria zinaanikwa chini ya kanga. Wanaume nanyi pia tafadhali.

Nahama mwisho wa mwezi, naondoka na nini naacha nini?

Toa notisi kama mlivyoandika, lipa luku yako ya siku zilizobaki, rudisha vyombo vya watu, aga mlango kwa mlango kama ulivyoingia. Ulichofunga kwa hela yako bila makubaliano, kama soketi au dari, acha, ukikibomoa unaharibu ukuta na utadaiwa. Fimbo ya pazia na kitasa ulichoongeza ni vyako, rudishia kile cha zamani. Piga picha chumba kikiwa kitupu, na mita pia. Balbu watu wanagombania sana lakini jamani balbu ni buku mbili tatu, iache, mwenzio atafika usiku na mizigo.